Joto la Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Februari

Mama mkwe ameingia leo na mto wake wa kulalia, birika lake, na moyo wake, ambao daktari anasema umechoka. Mto na birika vimeshapata pa kukaa. Moyo ndio nimekabidhiwa mimi.

Daktari alikuwa akizungumza na mke wangu, nami nimesimama nyuma kama dereva aliyewaleta. "Msimu huu asilale chumba cha moto. Moyo wake ukianza kushindana na joto, utashindwa." Kisha akanigeukia. "Nasikia wewe ni fundi wa viyoyozi."

Nikasema ndiyo.

"Basi mama ana bahati."

Njia nzima ya kurudi nilitamani ningekuwa fundi viatu.

Jumatano, 3 Februari

Nimefunga AC chumba cha nyuma. Ni mtumba, ila kompresa yake nzima. Nimeisikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

Shida ni mashine ya nje. Chumba hicho kina ukuta mmoja tu unaoona hewa, nao unatazama uchochoro ulio kati ya jengo letu na jengo la pili. Ni uchochoro ambao paka wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Nikaitundika humo humo, chini ya dirisha la mama mkwe, kwa sababu mahali pengine hapakuwepo.

Yeye alikaa kitandani, mikono mapajani, akinikagua.

"Hilo dude la nje ndilo linalotengeneza baridi?"

"Hapana, Mama. Baridi haitengenezwi. Tunachofanya ni kulitoa joto."

"Linatolewaje?"

Hakuna swali ninalolipenda kama hilo, na hakuna anayeniuliza. Nikaweka spana chini. Nikamwambia ndani ya mabomba kuna gesi inayozunguka bila kupumzika. Ikipita chumbani inalinywa joto. Ikifika nje kompresa inaikamua mpaka inakuwa ya moto kuliko jua lenyewe la mchana, halafu inapitishwa kwenye kondensa, haya mabomba yaliyokunjwakunjwa yenye mapezi membamba ya bati. Feni inayapuliza. Gesi inalitua joto lake pale, inageuka maji, kama mvuke unavyogeuka matone ukigusa mfuniko wa sufuria. Kisha inarudi ndani kubeba tena. Ni kama mtu anayechota maji chumbani kwa ndoo na kuyamwaga nje.

"Anayamwaga nje," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nje ni pakubwa."

Sikujua kama lilikuwa swali. Nikaendelea kukaza nati.

Alhamisi, 4 Februari

Mama mkwe ameomba shuka la pili. Ameomba kwa sauti ya lawama, lakini katika kazi yangu hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Jumamosi, 6 Februari

Gereji. Kaja dereva teksi tunayemwita Barafu. Jina kajipa mwenyewe: mlangoni kaandika NDANI NI BARAFU kwa rangi ya buluu.

"Fundi, AC yangu ina kiburi. Nikikimbia inapoa. Nikisimama inanipulizia uji."

Nikafungua boneti. Kwenye gari kondensa hukaa mbele kabisa, mbele ya rejeta, kama mzee aliyeweka kiti mlangoni kusubiri upepo. Gari likienda, upepo unakuja wenyewe, joto linachukuliwa. Gari likisimama, lazima feni ifanye kazi ya upepo. Feni ya Barafu imekufa zamani, ina hata kiota cha nyigu.

"Weka feni nyingine," nikamwambia.

"Ya nini? Si niendeshe tu."

"Na foleni?"

"Kwenye foleni abiria nawapigia stori. Mtu akicheka hasikii joto."

Akaondoka anacheka peke yake. Alikuwa anatoka jasho.

Jumatatu, 8 Februari

Nimerudi jioni, chumba cha nyuma ni tanuri. AC kimya. Mama mkwe amejilaza na kitambaa kibichi kwenye paji la uso.

"Imejizima yenyewe," akasema, kabla sijamaliza shikamoo.

Nimebonyeza rimoti, ikawaka mara moja bila kinyongo.

Najua ni nini. Uchochoro hauna hewa. Kondensa ikikosa pa kulitua joto, mgandamizo wa gesi unapanda, na swichi ya usalama inakata. Kwa hilo mashine ina busara kuliko wengi wetu: ikizidiwa, inanyamaza.

Jumanne, 9 Februari

Nimeosha kondensa. Mapezi yaliyolala nimeyachana moja moja kwa kitana. Mke wangu ametafuta kitana chake jioni nzima, nami nikamsaidia kutafuta.

Jumatano, 10 Februari

"Imejizima yenyewe."

Alhamisi, 11 Februari

"Imejizima yenyewe, mwanangu." Mwanangu ni mpya. Nimepunguza gesi kidogo.

Ijumaa, 12 Februari

Joto. Mawingu yalikusanyika saa kumi kama wanakamati, yakatawanyika bila azimio.

Jumapili, 14 Februari

Leo tuko wote nyumbani. Haikujizima hata mara moja, asubuhi hadi usiku. Mashine hii inaiheshimu Jumapili kuliko mimi.

Jumanne, 16 Februari

Imejizima. Nimebadilisha swichi ya usalama. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Magari ya watu yanapoa. Mama yangu anachemka. Mganga hajigangi, eti?"

"Sijigangi mimi. Namganga mama yako."

"Ndiyo nasema."

Mama mkwe akamkemea kutoka kitandani: "Mwache mwenzio. Amefanya alichoweza." Miguu yake imeanza kuvimba. Nimeiona alipoteremka kitandani, nayo imebaki na alama ya kandambili kama unga uliobonyezwa kidole.

Mwaka jana mwanamke huyu alikuja kututembelea, akaondoka bila kuniaga kwa sababu nilimwekea chai iliyopoa. Sasa ananitetea kwa mashine isiyopoza. Nimelifikiria hilo nikiwa naoga, nikasema labda ugonjwa umempa upole.

Alhamisi, 18 Februari

Imejizima.

Baada ya chakula hukaa naye kidogo. Macho yake yako dirishani muda wote. Anajua habari zote za dirisha la ng'ambo, ambalo ukinyoosha mkono kwa bidii unaligusa. "Yule mtoto leo amelala mchana mzima," akaniambia, kwa fahari, kama kwamba ndiye aliyembembeleza.

"Mtoto gani, Mama?"

"Kichanga cha yule binti. Wewe hujamwona? Unapanda ngazi kila siku pale."

Kweli sijamwona. Nikipanda ngazi natazama kondensa.

Jumapili, 21 Februari

Asubuhi nilipanda ngazi uchochoroni, AC inafanya kazi, nipime joto la bomba. Dirisha la ng'ambo likafunguka karibu na sikio langu. Binti mdogo, kichanga begani, kanga imelowa jasho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Leo hamtazima?"

"Tuzime nini?"

"Hiyo mashine. Siku nyingine bibi anazima mchana, huyu anapata usingizi. Jumapili ndiyo hamzimi." Halafu akaogopa kwamba amevuka mpaka. "Lakini ni nyumba yenu, baba. Mimi nilikuwa nauliza tu."

Nilikuwa nimesimama katikati ya kondensa na dirisha lake. Upepo wa feni ulinipiga mgongoni, ukanizunguka, ukaingia kwake. Pazia lake lilikuwa limetuna kuelekea ndani kama shavu la mtu anayepuliza moto. Chumbani mwake kulikuwa na kitanda, beseni, na kipande cha boksi cha kupepea. Dirisha halina mwenziwe. Akilifunga, hapati hewa, akilifungua, anapata ya kwetu.

Nikashuka. Nimeosha, nimechana, nimepunguza gesi, nimebadilisha swichi. Mtu mwingine yeyote angeanza kwa kuuliza rimoti iko kwa nani. Mimi nilikuwa najua sana kondensa.

Mke wangu alikuwa jikoni. Nikaingia chumba cha nyuma, nikarudisha mlango.

"Mama, rimoti unaiweka wapi?"

"Chini ya mto," akasema, bila haya yoyote.

"Kwa hiyo haijizimi."

"Nikiizima mimi, si imezimwa? Ugomvi wa nini?"

"Mama, daktari alisema moyo wako—"

"Wangu alisema. Wa yule mtoto hakuulizwa."

"Ule ni moyo mpya."

"Ndiyo maana mimi nisiuchakaze." Akauweka mto sawa. "Si wewe uliyenikalisha hapa ukanipa darasa la ndoo? Joto halifi, linahamishwa. Nikakaa nikatazama linakohamia. Ningekuwa sijui, ningelala zangu. Nani alikwambia unifundishe?"



"Na huyu mwanangu usimwambie," akaongeza. "Atakwenda kumfokea mtoto wa watu."

Mtu hawezi kumnyang'anya mama mkwe kitu kilicho chini ya mto wake. Sina spana ya kazi hiyo. Nikatoka nikakaa ngazini. Ndani, AC ikalia tii, ikanyamaza.

Jumatatu, 22 Februari

Nimekwenda kwa mwenye nyumba kumwomba nipandishe mashine ya nje juu ya paa. Alikuwa anakata kucha.

"Paa langu halitobolewi."

"Sitoboi, mzee. Nitaiweka juu ya matofali."

"Na bomba litapita wapi, hewani kama mwewe? Fundi wa mwisho aliyepanda huko, mvua ilishuka mpaka kitandani kwangu."

Nikamwambia kuna mgonjwa. Akaniambia ananiombea. Kisha akahamia kucha za mguu.

Jumatano, 24 Februari

Imezimwa. Sasa sisi wawili tunajua, na mke wangu anauliza, nasi tunasema imejizima. Namwona mama mkwe anavyopumua kwa kuinua mabega. Anaamka kutafuta hewa.

Ijumaa, 26 Februari

Nimepata.

Nimekata bati, nikalikunja kama kola ya shati, nikalifunga mbele ya kondensa ili upepo wa moto usiende mbele bali upande juu. Nilimwita binti wa ng'ambo asimame dirishani. Nikawasha. Pazia lake likaning'inia wima, halina habari.

Mama mkwe aliligeuzia shingo, akalitazama kwa muda mrefu kama mtu anayehesabiwa mizigo yake.

"Haliendi kwake?"

"Haliendi."

"Linakwenda kwa nani?"

"Juu, Mama. Kwa mwewe."

Akacheka mpaka akakohoa. Akatoa rimoti chini ya mto, akanipa mkononi.

Jumamosi, 27 Februari

Shuka la pili.

Jumapili, 28 Februari

Nimemwambia mke wangu yote, kama kisa cha kuchekesha, maana kimekwisha. Hakucheka. Alikwenda kusimama mlangoni kwa mama yake. "Wiki tatu unanidanganya, Mama? Wiki tatu nakuona unavimba?" Mama mkwe alijifanya amelala. Ni mtu asiyejua kujifanya amelala. Alikuwa amekunja uso.

Jumanne, 2 Machi

Miguu imepungua kidogo. Mtoto wa ng'ambo amelia mchana, lakini kwa sababu zake mwenyewe.

Jumatano, 3 Machi

Hakuna upepo kabisa leo. Moshi wa gereji umepanda wima ukasimama.

Alhamisi, 4 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Saa nane mke wangu alinipigia. Alikuwa amerudi nyumbani kuchukua kitu, akamkuta mama yake sakafuni, mgongo ameegemeza kitanda, midomo imebadilika rangi. Chumba moto, AC kimya. Rimoti iko juu ya kabati, mbali naye.

"Imejizima yenyewe," mama mkwe alimwambia.

Mke wangu akasema, "Mama, basi. Hata leo?"

Nilipofika alikuwa bado anamwambia hivyo huku anamfunga kanga, anamkemea na kumbusu kwa pamoja. "Umeizima tena. Umepandia nini mpaka juu ya kabati?" Mama mkwe alinitazama mimi. Hakuwa na pumzi ya kujitetea mara ya pili.

Nikatoa mkono dirishani, nikagusa kondensa. Iliniunguza. Mashine iliyozimwa kwa rimoti hupoa mara. Hii ilikuwa ya moto kama kikaango. Nikatazama juu. Bila upepo, joto nililolielekeza juu lilipanda mpaka chini ya upenu, likakosa njia, likageuka, likarudi chini nyuma ya bati langu, mashine ikalivuta tena, ikalimwaga tena, ikalivuta tena, mpaka mgandamizo ukapanda na swichi niliyoiweka kwa mikono yangu ikakata. Ilikata kama inavyopaswa. Kila kitu kilifanya kazi.

"Ni kweli," nikasema. "Imejizima yenyewe."

"Usimtetee," mke wangu akajibu. "Nyie wawili nishawazoea."

Teksi iliyokuwa karibu ni ya Barafu. Tukampakia nyuma, kichwa mapajani kwa binti yake. Barafu hakufanya mzaha. Aliwasha AC mpaka mwisho, akakimbiza, na kwa muda ule kulikuwa na baridi kweli. Mama mkwe alifumbua macho. Halafu tukafika penye foleni.

Gari lilisimama. Nilihesabu pumzi zake, na nilijua kinachotokea mbele yetu chini ya boneti kama ninavyojua nyumba yangu: gesi imefika kwenye kondensa na mzigo wake, hakuna upepo, hakuna feni, hakuna wa kuupokea. Hewa ikaanza kuwa vuguvugu. Ikawa uji.

"Fundi," Barafu akasema, hageuki, "fanya kitu."

Nikafungua dirisha. Ndicho nilichokuwa nacho.

Mbele yetu, magari yote yamefunga vioo, kila moja linapoza watu wake na kutupulizia sisi.

Ijumaa, 5 Machi

Yuko wodini. Anapumua kwa mashine. Mgeni mmoja kwa wakati, dakika chache. Mke wangu ameingia, mimi niko nje.

Jumapili, 7 Machi

Barafu ameweka feni. Amekuja hospitali kunieleza, kasimama mbele yangu kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu. Nikamwambia vizuri. Hata siku ile angekuwa nayo, foleni ingekuwa ile ile. Nimemwambia hivyo, wala sijui kama ni kweli.

Bati nimeling'oa.

Jumatatu, 8 Machi

Mke wangu ameuliza, tukiwa njiani: "Siku ile hakuizima, sivyo?"

"Hakuizima."

Tukafika nyumbani. Mlangoni akasema, "Nilimwita muongo."

Jumanne, 9 Machi

Leo zamu yangu kuingia. Wodi ina AC kubwa na baridi nzuri, safi. Ametolewa mashine ya kupumulia, ila sauti yake imebaki kidogo kama gesi kwenye mtungi uliokwisha. Daktari anasema moyo haujapata nafuu, wala haujazidi kuchoka. Anasema tusubiri. Nilimtazama vizuri nikaona kwamba naye hana spana.

Mama mkwe akanikunjia kidole nisogee.

"Hii ya hapa. Inamwaga wapi?"

"Mbali, Mama. Juu ya paa."

 Kisha akafumba macho, na safari hii uso haukuwa umekunjwa.

Nikatoka, nikaenda kukaa mahali petu. Benchi la jamaa za wagonjwa liko nje, linatazama ukuta wa wodi, na mashine za nje zimetundikwa pale pale, usawa wa mabega, zinatazama benchi. Nimezikagua siku ya kwanza. Zimefungwa vibaya. Tumekaa hapo kutwa, mabibi, waume, dada, tunapulizwa moto, na watu wanalaumu jua.

Jumatano, 10 Machi

Mawingu mazito. Hakuna azimio.

Alhamisi, 11 Machi

Amekuja yule binti wa ng'ambo, na kichanga chake, na embe moja ndani ya mfuko. Nilimwonyesha upande wa pili wa benchi.

"Kaa huku, mwanangu. Hapo panapuliza moto."

"Nimezoea, baba," akasema, akakaa.

Hakuwa na maana mbaya. Alikuwa anatafuta pa kuweka embe.

Nikamwambia mtoto haruhusiwi wodini. Akasimama, akatazama mlango, akamtazama mtoto, halafu akanipa mimi, kama watu wanavyonipa vitu vyao nivitengeneze. Akaingia.

Ni mzito kuliko nilivyodhani. Alifungua macho, akakunja uso kwa ule upepo, akaanza kutafuta sauti. Nilipima kwa jicho benchi, ukuta, mashine. Benchi limechimbiwa chini, haliendi popote. Kivuli hakuna. Kuzima siwezi, ndani yupo mtu.

Nikageuka, nikaipa mashine mgongo, nikainama mpaka mtoto akaingia mzima kwenye kivuli changu. Joto la mama mkwe likanipiga kati ya mabega. Mtoto akatulia. Nimekaa hivyo hivyo hata sasa, naandikia gotini kwa mkono mmoja, na binti bado hajatoka.